Wimbo Uliomzika Babu Akiwa Hai

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote si ya gitaa. Ni ya babu akivuta pumzi.

Ana pengo la meno mawili, mbele, juu, na hewa ikipita hapo inapiga mluzi mwembamba kama birika linalokaribia kuchemka. Kisha anakanyaga chini mara moja kwa kisigino, na baada ya hapo maneno yanatoka yote kwa mkupuo, hayana nukta wala mkato, mpaka pumzi iishe. Nikiwa mdogo, siku za sherehe nilikuwa nakaa karibu na miguu yake ili niusikie ule mluzi. Maneno yenyewe nilishayajua. Mluzi ndio hauigiki. Nimejaribu sana, ila meno yangu yote yapo.

Kwetu Kaisho hilo jambo la mwanaume kusimama mbele za watu akajisifu linaitwa kwebuga. Kila mwanaume wa zamani ana maneno yake. Anayatunga mwenyewe ujanani kutokana na jambo alilolifanya kweli, na anakaa nayo maisha yote kama anavyokaa na jina lake. Akioza mtoto anasimama anayasema. Wakwe wasipoyasikia wanarudi kwao wakiulizana kama wameoza kwa watu au kwa migomba. Na nyumbani kwetu kuna sharti moja, kwa wengine sijui wanafanyaje: maneno ya mtu hayasemwi na mwingine, isipokuwa siku ya kumzika. Siku hiyo mtoto au mjukuu anasimama kaburini, anayasema mara ya mwisho, na yanaishia pale.

Sharti hilo nililijua. Naliandika mapema, asije mtu akanitetea kwamba sikulijua. Nililijua vizuri, sikulikumbuka tu siku iliyotakiwa.

Maneno ya babu yanahusu mto Kagera. Alipokuwa kijana aliuvuka mwaka wa mafuriko akiwa na ng'ombe watatu, ameshika mkia wa yule wa mbele. Kwa Kinyambo yana meno, kwa Kiswahili yanabaki ufizi, lakini ni kama hivi: mimi niliyeshika mkia, maji yakaniuliza unakwenda wapi, nikayajibu nakwenda mnakotoka, mimi na watatu wangu, wa kwanza pembe, wa pili pembe, wa tatu pembe, mto ukahesabu pembe ukachoka. Yanaendelea hivyo hivyo. Babu akimaliza huwa anatafuta pa kukaa.

Kidato cha nne nilimaliza, matokeo yakaja yalivyokuja, na mimi nikaenda Omurushaka kufanya kazi katika duka la kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Mtu anakuja anasema, "Niwekee za kwaya," au "Niwekee za kuendeshea pikipiki," na wewe unamjazia. Nilikuwa na meza yangu, kompyuta yenye herufi zilizofutika, na ndoto nyingi. Ninapenda kuota mchana, hata sasa. Mama anasema ningeota na jembe mkononi ningekuwa tajiri.

Siku moja dereva wa lori la kahawa alileta flashi nimtolee picha za harusi. Ndani kulikuwa na nyimbo ambazo hata yeye hakujua zilifikaje humo. Nikafungua mmoja. Ulikuwa na dakika mbili hazijatimia. Gitaa lilikuwa linakwaruza kama mabati yanayoburutwa, ngoma mbio, na mwanamke anapayuka kwa lugha nisiyoijua, hapumziki, mpaka pumzi ikamwisha na wimbo ukaisha papo hapo. Nikaurudia mara nne. Mwanzoni kabisa, kabla hajaanza, ulikuwa unasikia anavuta hewa.

Nikajisemea, huyu mama anafanya anachofanya babu.

Baadaye nilijua muziki ule unaitwa panki, na kwamba wanaoupiga hawasubiri kujua kupiga ndipo waanze. Hilo lilinifaa. Nilitafuta watu wawili. Wa kwanza alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya vijana ya Kilutheri, kijana mpole sana, mwenye ruhusa ya kukaa na gitaa la kanisa katikati ya wiki mradi Jumamosi alirudishe likiwa na nyuzi zote. Wa pili alikuwa mbeba magunia kwenye stoo ya kahawa, mtu wa mikono mizito, ambaye alijifunza mdundo kwa kusikiliza mashine ya kukoboa. Ngoma yake moja ilikuwa ya gwaride la shule, nyingine mbili zilikuwa madebe.

Tulifanyia mazoezi kwenye stoo ile ile, mchana, wakati hakuna kahawa. Magunia matupu tuliyatundika ukutani yameze sauti. Msimu ukianza magunia yanajaa na sisi tunatoka, kwa hiyo bendi yetu ilikuwa na msimu wake, kama maharage.

Nyimbo nilizitunga mimi. Ninaandika kwenye daftari la mistari mikubwa, mwandiko wangu si mzuri. Wa kwanza ulikuwa juu ya mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, mtu anavyokata mgomba mmoja halafu anachoma panga kwenye moto kabla ya kugusa mwingine, na bibi kizee mmoja wa jirani alivyokuwa anaiomba radhi migomba yake kabla ya kuikata. Wa pili ulikuwa juu ya bomba la maji la mtaa wetu, ambalo lilizinduliwa mara mbili na halikuwahi kutoa maji. Huo ulikuwa na maneno sita tu. Tulipiga kwenye sherehe ya kumuaga binti mmoja Kayanga, na baada ya wimbo wa pili mshereheshaji akatushukuru kwa upole, akasema tukale. Pilau ilikuwa nzuri. Mpiga ngoma alisema kama kusimamishwa ndiko huku, basi watusimamishe kila wiki.

Kilichotubadilishia mambo ni wimbo wa tatu. Nilikuwa na mdundo na sikuwa na maneno. Mpiga ngoma akasema, "Dada, sema chochote, mikono inapoa." Mdomo wangu ukafunguka na maneno ya babu yakatoka, yote, kwa Kinyambo, kwa pumzi moja. Yalikaa kwenye mdundo kama mguu kwenye kiatu chake. Sehemu moja tu niliikata. Ng'ombe watatu walikuwa wanachelewesha ngoma, nikambakiza mmoja.

Tulipomaliza, mpiga gitaa, ambaye hata chai huinywa kwa adabu, akasema, "Tena."

Tuliuimba Kayanga, siku ya gulio, juu ya lori la watu waliokuwa wakitangaza sabuni na walihitaji mtu wa kukusanya watu. Watu wakakusanyika. Wazee waliokuja kununua chumvi walisimama. Vijana walinyanyua simu. Mimi nilikanyaga kwa kisigino kama babu, ubao wa lori ukaitika, na kwa dakika mbili sikuwaza lolote. Nilishuka nikiwa na furaha kubwa, nikanunua maandazi, tukala watatu tumekaa kwenye ukingo wa mtaro.

Siku ya tatu mama alinipigia simu dukani.

"Njoo nyumbani," akasema. "Babu yako amefariki."

Nikashika meza. "Lini, mama?"

"Hajafariki. Njoo."

Nilipofika Kaisho nilikuta mikungu ya ndizi imepangwa ukutani kuanzia mlangoni mpaka kwenye kona ya jiko, maharage kwenye vikapu, kuni, na nyasi mbichi zimetandazwa uani kama inavyofanywa msibani. Wanawake walikuwa wamekaa, khanga viunoni. Babu alikuwa kwenye kiti chake katikati yao, kofia kichwani, anatafuna kahawa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa vibaya.

Mama ndiye aliyenisimulia. Video yangu ilikuwa imeingia kwenye kundi la simu la ukoo. Waliotangulia kuisikia hawakuangalia picha, walisikiliza maneno. Wakasema, haya ni maneno ya mzee, na anayeyasema si mzee. Basi mzee ametutoka, na mjukuu ameshamsindikiza. Hakuna aliyepiga simu kuuliza. Nani anauliza habari ambayo ameshaambiwa kwa njia ya heshima? Wakakata mikungu wakaja.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja wa ng'ambo ya bonde, aliyeanza kulia tangu kwenye kona ya njia. Babu alikuwa kibanjani anatoa majani makavu kwenye migomba. Akatoka na panga lake kuangalia nani analiliwa.

"Pole waitu, mwenzetu," babu akamwambia. "Nani amefariki?"

Yule mama akamtazama. "Wewe," akasema.

"Lini?"

"Wanasema juzi."

Babu akafikiri kidogo. "Juzi nilikuwa na mafua tu," akasema.

Mama aliponisimulia hapo alicheka mpaka akajifuta macho, nami nikacheka, halafu nikamwona babu akitutazama kutoka kwenye kiti, tukaacha. Nikaenda nikapiga goti mbele yake.

"Shikamoo babu."

Hakuitikia. Akamgeukia mama. "Mwambie huyo mgeni akae, kuna ndizi."

"Babu, ni mimi."

"Mwambie marehemu haitikii shikamoo," akamwambia mama.

Nilidhani ni utani, kwa sababu babu ni mtu wa utani. Nikakaa siku mbili nikisubiri uishe. Waombolezaji walikula wakaondoka. Ndizi walikataa kurudi nazo, kitu cha msiba hakirudi kilikotoka, na babu hakuwasihi. Alikuwa na shughuli ya kukumbuka nani alikuja na nani hakuja. Rafiki yake wa tangu ujana, mzee anayekaa kilima cha pili, hakuja. Alituma neno kwamba goti linamsumbua. "Goti," babu alikuwa akisema peke yake, akitembea kati ya migomba. "Goti."

Lakini na mimi hakuzungumza. Na mama akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mjomba wangu, kitinda mimba wa babu, alikuwa ameshatoa mahari, na harusi ilikuwa imepangwa msimu wa kahawa ukiisha. Ndiye mtoto wa mwisho wa babu kuoa. Ndiyo mara ya mwisho babu kusimama kama baba. Mjomba alikuwa ameshamwendea.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema atafutwe mtu mwenye maneno. Yeye yake yameshasemwa."

"Si ayaseme tu? Yuko hai."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakunyanyua kichwa. "Utamwambia wewe?" akasema.

Nilirudi Omurushaka. Wimbo niliufuta kwenye kompyuta ya duka siku hiyo hiyo. Watu wakawa wanakuja kuuomba, "Dada, niwekee ule wa mzee wa mto," nawaambia haupo, wanautoa kwenye simu zao wenyewe wananionyesha kwamba upo. Mmoja aliniwekea bure kwenye kompyuta, akidhani amenisaidia. Nikaufuta tena. Ilikuwa kama kuokota mchele kwenye nyasi.

Kisha mtu mmoja wa Bukoba anayeandaa matamasha akampigia mpiga gitaa. Alitaka bendi yetu kwenye jukwaa la kweli, lenye taa na spika ndefu kunizidi, na alitaka wimbo ule. Nyingine tungepiga tunavyotaka, ila ule uwe wa mwisho.

Tulikaa stooni, magunia ya kwanza ya msimu yameshaanza kuingia, tukajadiliana.

"Hatuupigi," nikasema.

"Dada," akasema mpiga ngoma, "mimi nimebeba magunia miaka saba. Hakuna aliyewahi kunipigia simu kutoka Bukoba kuuliza nabebaje."

"Ni maneno ya babu yangu."

"Si ameshazikwa? Akizikwa mara ya pili ataumia wapi?"

Mpiga gitaa akamgusa bega anyamaze. Yeye akajaribu upande mwingine, kwa upole wake. "Ungebadilisha maneno machache? Badala ya mto, useme ziwa?"

"Ziwa halivukwi kwa kushika mkia."

"Ndivyo nilivyowaza na mimi," akasema, akainamia gitaa.

Tulikwenda Bukoba tukapiga ule wa mnyauko, ule wa bomba na mwingine mpya ambao haukuwa umeiva. Baada ya bomba yule mwandaaji alisimama pembeni akanionyesha kidole kimoja, maana yake umebaki mmoja, uwe wenyewe. Nikapiga ule ambao haukuiva. Watu walituangalia kama unavyoangalia mvua ukiwa barazani. Tulirudi na basi la asubuhi, na hapakuwa na simu tena kutoka Bukoba. Mpiga ngoma alilala njia nzima. Tulipofika stendi aliamka akasema, "Ule wa mnyauko ulikuwa mzuri lakini," akabeba madebe yake akaenda.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kaisho. Babu alikuwa anaanika kahawa kwenye turubai, anaipindua kwa reki ya mbao aliyoichonga mwenyewe. Kuku walikuwa wanamzunguka. Nilichukua reki nyingine nikaanza upande wa pili. Tulikwenda hivyo, mstari wake na mstari wangu, mpaka tukakutana katikati.

"Babu, nimeukataa ule wimbo," nikasema. "Bukoba walitaka niuimbe nikakataa. Na dukani nimeufuta."

Babu akamtazama jogoo. "Umo kwenye simu ngapi?" akamuuliza.

"Sijui," nikajibu badala ya jogoo.

"Hajui," babu akamwambia jogoo.

"Maneno yako yatarudi kwa njia gani? Niambie, nitafanya. Nikasimame kanisani niseme ni kosa langu?"

Alipindua kahawa mistari miwili mizima kabla ya kusema. Kahawa inayoanikwa inatoa sauti ya mvua ndogo.

"Ukishachoma majani makavu," akasema, bado kwa jogoo, "moshi unaurudisha kwa mgomba upi?"

Nilipindua. Aliponifikia tena alisimama, akaegemea reki yake, na safari hii alisema kwa upande wangu, ingawa macho yalikuwa kwenye turubai.

"Na hakuwa ng'ombe mmoja."

"Babu?"

"Walikuwa watatu. Nilivuka na watatu. Wewe umenivusha na mmoja, mbele ya watu wa Kayanga. Wale wawili umewaacha majini."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameusikiliza. Nilitaka kumwambia ilikuwa kwa sababu ya mdundo, nikaona aibu. Wale ng'ombe walikufa kabla mama yangu hajazaliwa, lakini siku ile niliwaonea huruma, naomba nisichekwe.

"Nisamehe kwa hao wawili," nikasema.

"Hm," akasema babu. Akaanza mstari mwingine. Baadaye sana, tulipokuwa tunakunja turubai, alitamka bila kunitazama kwamba pumzi nilivuta vizuri. Sikuuliza zaidi.

Lakini kwa mjomba jibu halikubadilika. Mjomba alitumwa, mama alitumwa, mchungaji alipita akaambiwa yeye mwenyewe anajua kwamba aliyezikwa hasimami mpaka parapanda. Siku ya harusi ilipofika, tulijua tu kwamba kiti cha babu kitakuwa pale na babu atakuwa juu yake.

Harusi ilifanyika nyumbani, mchana, baada ya kanisa. Turubai lile la kahawa lilifungwa juu kuwa kivuli. Kwaya ya vijana ilialikwa, kwa hiyo mpiga gitaa wetu alikuwepo, amevaa tai, anapiga nyimbo za taratibu. Wakwe walikuja gari mbili, watu wakubwa, wanawake wamevaa vizuri. Yule rafiki wa babu wa kilima cha pili naye alikuja, goti lake likitembea bila shida. Mimi nilikuwa naingia na kutoka jikoni na masinia. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa kifuani wa aproni, na nilikuwa nimeiwasha irekodi, kwa sababu katika kazi yangu kila sherehe mtu anaomba sauti baadaye. Niliiwasha tangu kwaya ilipoanza, nikaisahau.

Mshereheshaji alifika pale panapofikiwa. Akasema wakwe wangependa kumsikia baba wa bwana harusi. Akanyoosha kipaza sauti kuelekea kwenye kiti.

Babu hakukipokea. Kwaya ilikuwa imeacha. Mjomba alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama alisimama mlangoni na sahani mkononi, na mmoja wa wakwe, mzee mnene, aliinama akamwambia jirani yake kitu ambacho sikukisikia, na jirani akatabasamu.

Babu akasimama.

"Simu zenu mfukoni," akasema. "Mara hii nikifa nataka niambiwe kwanza."

Watu wakacheka, simu zikashuka. Akasukuma kipaza sauti pembeni kwa mgongo wa mkono, kama mtu anavyofukuza nzi. Akavuta pumzi. Mluzi ukapita kwenye pengo. Kisigino kikashuka.

Hayakuwa yale ya mto.

Yalikuwa mapya. Alikuwa ameyatunga kati ya migomba wakati sisi tunamtumia wajumbe. Sitayaandika yote hapa. Mimi niliyekula ndizi za matanga yangu, hivyo ndivyo yalivyoanza, mimi niliyetoka na panga kuuliza nani amekufa nikaambiwa ni wewe, mimi niliyezikwa kwa gitaa nikafufuka na mafua, nimewajua walionililia, nimemjua aliyebaki nyumbani analiuguza goti. Alikwenda mbio. Hakuwahi kwenda mbio namna ile kwenye yale ya zamani, na alikanyaga kila mwisho wa kifungu, du, du, kama ngoma ya gwaride. Mzee wa kilima cha pili alicheka mpaka akashikwa na watu. Yule mkwe mnene alisimama akanyanyua fimbo yake juu, na wanawake wa upande wake wakapiga vigelegele. Mama aliweka sahani chini, mlangoni hapo hapo, ikawa inapitwa na watu.

Babu alipoishiwa pumzi alitafuta pa kukaa. Nikamsogezea kiti.

"Maji," akasema.

Nikampa. Akanywa, akanirudishia kikombe mkononi.

"Umeshaniamkia wewe?"

"Shikamoo babu."

"Marahaba," akasema, na akageukia wageni.

Mpiga gitaa alinifuata mpaka nyuma ya jiko, tai imelegea. Macho yalikuwa yanang'aa.

"Umesikia mdundo ule?" akasema. "Ule ni wimbo mzima, una mwanzo na mwisho. Umenasa?"

Nikagusa aproni. Simu ilikuwa ya moto. "Nimenasa," nikasema.

"Basi," akasema. Akaitwa na kwaya, akaondoka akitembea kinyumenyume, ananionyesha dole gumba.

Nilibaki peke yangu karibu na lundo la maganda ya ndizi. Sherehe ilikuwa inasikika upande wa pili wa ukuta. Nikatoa simu, nikaisogeza sikioni, nikatafuta mahali pale. Nikasikia sauti ya babu, simu zenu mfukoni, kicheko cha watu, kisha mluzi. Nikasimamisha kabla ya kisigino.

Nikabonyeza kufuta. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, nikairudisha kwenye aproni, nikajaza maganda kwenye kapu na kuyapeleka kwa ng'ombe.